Kamba ya Tatu ya Zofka Pižorn

Chini ya upenu wa nyumba ya Zofka Pižorn, upande wa kusini, kuna ndoano tatu za chuma. Marehemu mumewe alizipigilia kwa ajili ya mzabibu ambao haukupata kupandwa. Zofka alipostaafu, aliziteremshia kamba za katani kutoka juu hadi ardhini, akatangaza kwamba atalima hopsi za kupikia bia yake mwenyewe, katika sufuria lake mwenyewe. Msimu wa kwanza kamba mbili zilipata mmea. Ya tatu ilibaki tupu mwaka mzima, ikipigapiga ukuta kila upepo ulipovuma, na wapita njia waliiulizia kama watu wanavyomuulizia binti aliyechelewa kuolewa.

Kutangaza jambo kama hilo ndani ya bonde la mto Savinja kulihitaji moyo. Sisi ni watu wa hopsi. Mtoto wa kwetu huujua mmea huo kabla hajaijua kengele ya shule: unavyoamka Machi, unavyoizunguka kamba Mei kwa kulifuata jua, unavyoning'iniza koni zake, yale maua ya kijani yenye magamba, Agosti, na ule unga wa manjano uliojificha ndani ya koni, wenye uchungu na manukato, ambao bila huo bia ni uji wa shayiri. Lakini sisi tunalima, tunakausha, tunashindilia magunia, tunauza. Kupika hatupiki. Bia tunainunua dukani kama mtu yeyote, na ugomvi wetu mkubwa juu ya bia ni baina ya wanywao ya kibandiko cha kijani na wanywao ya kibandiko chekundu.

Tena kwetu mtu hurithi aina ya hopsi kama anavyorithi kiti chake kanisani. Zofka alizaliwa mwaka 1957 katika ukoo wa Golding, hopsi ya kale ya bonde, yenye harufu nyororo na mavuno machache. Akaolewa kwa akina Pižorn, watu wa Aurora, hopsi yenye nguvu, ambayo uchungu wake husimama wima kinywani. Wazee wa ukoo wa kwanza walisema binti yao amekwenda kunywa dawa. Wa ukoo wa pili walisema mkwe wao ametoka kunusa maua. Mashamba yalikwisha kuuzwa, ya huku na ya kule, na Zofka akaingia kiwanda cha soksi, ambako kazi yake ilikuwa kuivika kila soksi mkononi na kuusaka kwa vidole uzi uliokatika. Huko ndiko alikozeekea. Hopsi zikabaki kuwa kitu kilicho upande wa pili wa ua, kwenye shamba la jirani yake, Vinko Žolnir.

Kwa hiyo alipochagua mimea miwili ya kwanza, hakumshangaza mtu. Golding kwa ajili ya manukato, Aurora kwa ajili ya uchungu. Alikwenda kitaluni, akanunua miche iliyokaguliwa, akaipanda. Alizingatia pia kwamba Golding huiva mapema na Aurora huchelewa, hivyo mikono miwili ya mwanamke mmoja ingeweza kuchuma ya kwanza na kuikausha darini kabla ya ile ya pili kumwita. Bia akaipikia katika sufuria kubwa ambalo akina Pižorn hulitumia majira ya baridi kuchemshia soseji za damu siku ya kuchinja nguruwe.

Mwonjaji wa kwanza alikuwa shemeji yake Ferdo, mdogo wa marehemu, mwanachama wa kikosi cha zimamoto cha kijiji na mtu asiyeweza kukaa karibu na glasi iliyojaa bila kuihurumia. Alikunywa, akaitazama glasi, akanywa tena.

“Enhe?” Zofka akauliza.

“Nzuri, shemeji. Sina ubaya nayo.”

“Sema, Ferdo. Uso wako unasema, mdomo unaficha.”

“Inakuja vizuri. Halafu inaondoka bila kuaga.”

Zofka hakukasirika. Alionja naye akakiri kwamba ndivyo ilivyo: uchungu ulikuwapo, ua lilikuwapo, na katikati palikuwa na pengo. Usiku ule kamba ya tatu ikawa na maana. Haikuwa tena kamba ya ziada bali mahali pa kitu kilichokosekana, na tangu hapo hakuna mazungumzo nyumbani mwake yaliyochukua muda mrefu kabla ya kugeukia kamba hiyo.

Ferdo alikuwa na pendekezo. “Panda ile aina mpya, Mbwamwitu. Wanasema inanukia embe.”

“Nikitaka embe nitanunua embe.”

“Basi panda Celeia. Inazaa mpaka ukuta uombe msamaha.”

“Nina ukuta mmoja na sufuria moja. Nizae nimuuzie nani?”

Jibu alilipata mwishoni mwa Septemba, si kitaluni bali mtoni. Alikuwa akiokota kuni kwenye ukingo wa Savinja alipopita chini ya mti wa mwerebi uliozongwa na hopsi za porini. Kama afanyavyo kila mtu wa bonde, bila kufikiri, alikwanyua koni mbili, akazisugua baina ya viganja na kuvipeleka puani. Akasimama. Palikuwa na harufu ya ganda la chungwa lililosahauliwa juu ya jiko la moto. Nyuma yake mnanaa. Na nyuma ya mnanaa kitu kingine alichokijua lakini hakukipatia jina. Alisugua nyingine, akanusa, akacheka peke yake kwa sauti, kuni zikamponyoka. Alirudi nyumbani mbio, umri wake akiusahau pale chini ya mti, akarejea na uzi mwekundu wa sufu, akaufunga kwenye shina la mmea ule ili Machi, wakati wa kuchimba mizizi, asiukose.

Novemba mto ulifurika. Maji yalipopungua, nusu ya matawi ya ule mti yalikuwa yamekwenda, na uzi ulikuwa umekwenda nayo.

Hapa sharti nieleze jambo moja. Hopsi zina dume na jike, na mmea mmoja hauwi vyote viwili. Koni ni za jike. Dume hutoa vishada vya vitumba vidogo kama mtama mchanga, hupeperusha chavua, basi. Msomaji anayeujua mpapai dume ameelewa. Tofauti ni kwamba mpapai dume hauharibu shamba la jirani. Chavua ya hopsi dume ikiifikia koni, koni hutunga mbegu, na koni yenye mbegu hupoteza manukato na kukataliwa na mnunuzi. Ndiyo maana ndani ya bonde letu dume hapewi nafasi: anayemwona kwenye kichaka humkata kwanza, ndipo aulize kichaka ni cha nani. Lakini Machi, mmea ukiwa bado mzizi na macho mekundu tu udongoni, dume na jike hawatofautiani hata kidogo. Na kwenye ukingo wa mto huota pamoja, wamekumbatiana.

Zofka alichimba kwa kumbukumbu. Alitoa bonge la mizizi kubwa kama kichwa cha ndama, akalileta nyumbani kwa toroli, na Vinko Žolnir akamwona toka upande wa pili wa ua.

“Hiyo nini, jirani?”

“Ya tatu.”

“Umeitoa wapi?”

“Mtoni.”

Vinko aliweka chini koleo lake. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyezoea kuzungumza na trekta. “Mtoni,” alirudia. “Mita kumi kutoka Golding yangu unapanda kitu cha mtoni.”

“Niliunusa, Vinko. Ni jike. Nilizishika koni zake.”

“Ulizishika Septemba. Hii ni Machi. Uzi wako uko wapi? Kijiji kizima kilijua una uzi.”

“Umekwenda na maji.”

“Basi na jike lako huenda limekwenda na maji.”

Mkewe Darinka, aliyekuwa akianika nguo, aliingilia kati. “Wee Vinko, mwache mwenzio. Hata wewe nilikuchukua bila kukuona ukichanua.”

Vinko hakucheka, ila sikio lilimwiva. Walikubaliana hivi: mmea upandwe, upande kamba, usubiriwe Julai. Ukichanua dume, Vinko atavuka ua na mundu wake mwenyewe, na Zofka hatasema neno. Zofka alimpa mkono juu ya ua. Aliniambia baadaye kwamba aliyoiona pale haikuwa hofu. Ilikuwa ile furaha ya mtu aliyeweka dau kubwa kuliko mfuko wake.

Mei, mmea ulipotoa machipukizi, Zofka alifanya kama tulivyofundishwa sote: alichagua machipukizi matatu yenye nguvu, akayapandisha pamoja kwenye kamba moja, na mengine akayang'oa. Matatu kwa kamba: chini ya hapo ni uvivu, juu ya hapo ni tamaa. Hakuna mtu wa bonde ambaye angefanya vingine, na hakuna aliyewaza kwamba ndani ya bonge lile la mizizi huenda mlikuwa na zaidi ya mmea mmoja.

Loo, ulivyopanda! Aurora na Golding zilikuwa bado zinajivuta kwenye madirisha ya chini wakati wa tatu tayari ulikuwa ukichungulia chumba cha kulala. Zofka alikula kiamsha kinywa nje, kiti akikigeuzia ukutani. Ferdo alianza kupita kila siku akienda au akirudi, na kikosi chote cha zimamoto kikaweka dau: nusu dume, nusu jike, mshindwa anunue mapipa ya bia. Juni ikaisha. Vitumba vya kwanza vilitokea vidogo mno, vya kijani, visivyosema kitu.

Asubuhi moja ya katikati ya Julai, Zofka alipanda ngazi na kahawa yake mkononi, na kikombe kikamponyoka. Juu kabisa, karibu na ndoano, vilining'inia vishada vya mtama. Vilikuwa bado vimefumba, lakini viwili vitatu vilivyopata jua vilikuwa vimeanza kupasuka. Alishuka ngazi, akaketi kwenye daraja la mwisho. Kuficha kungewezekana kwa siku moja, hakuficha. Alikwenda uani akaita.

“Vinko! Leta mundu!”

Vinko alikuja, na Darinka nyuma yake, na Ferdo, aliyekuwa amepita kwa baiskeli, akaja naye. Upepo ulikuwa ukitoka mtoni, mwepesi, ukielekea moja kwa moja kwenye safu za Golding zilizokuwa zimeanza kutoa manyoya meupe, yale yanayoipokea chavua. Vinko alitazama juu, akatazama shamba lake, akainamia shina.

“Ngoja!” Zofka alipiga kelele.

“Tulipeana mkono.”

“Ngoja, nimesema! Tazama pale, chini ya dirisha. Ule si mtama.”

Alikuwa amepanda tena ngazi bila viatu. Kwenye usawa wa dirisha, kutoka katikati ya majani yale yale, kulikuwa na kijitawi chenye vitufe vidogo, na kila kitufe kilikuwa na manyoya meupe, membamba kama ndevu za mahindi machanga. Jike. Alikisogelea mpaka pua ikagusa. Akarudi kukitazama kishada cha juu: dume. Mmea mmoja hauwezi. Basi haukuwa mmoja.

“Wako watatu!” alisema, na sauti ilimpanda. “Nimechimba zaidi ya mmoja! Wamesokotana kwenye kamba moja!”

Alifuata chipukizi la kwanza kwa kidole: dume. La pili: dume. La tatu: jike.

“Wawili kwa mmoja,” akasema Vinko. “Wengi wameshinda. Shuka nikate.”

“Sishuki.”

“Jirani, jua likifika pale juu, vitumba vyote vitapasuka. Riziki ya familia yangu iko shambani kule.”

“Nipe hadi jua lifike dirishani. Nitawatoa madume wote wawili, kipande kwa kipande, na jike libaki. Nikishindwa, kata kila kitu na mimi nikiwa humo.”

Ferdo alikwisha panda baiskeli. “Nilete gari la zimamoto? Dakika tano tu!”

“Leta bomba la bustani, mpumbavu wewe! Chavua ikilowa hairuki!”

Hilo hata Vinko alilikubali. Ferdo alifungua maji, akaufunika mdomo wa bomba kwa kidole gumba, na mvua nyembamba ikaanguka juu ya ukuta, juu ya ngazi, juu ya Zofka. Darinka alileta gunia lililoloweshwa. Vinko alishika ngazi kwa mkono wa kushoto na mundu kwa wa kulia, akiwa bado hajaamua atautumia wapi.

Majani ya dume na ya jike ni yale yale, na shina ni lile lile, lenye vinywele vikali vinavyochuna ngozi. Macho hayakusaidia kitu, hasa yaliyojaa maji. Zofka aliyafumba. Alianzia juu, kwenye kishada, akashuka na shina kwa vidole, mzunguko baada ya mzunguko, kinyume cha jua, akilizongoa pole pole. “Hapa,” akasema, akakata kwa mkasi, akamrushia Darinka kipande, nacho kikaingia guniani. “Na hapa.” Kipande kingine. Mikono ilikuwa imechanika mpaka viwikoni, naye alikuwa akiimba.

“Anaimba,” Ferdo alisema. “Vinko, mbona anaimba?”

“Elekeza maji wewe.”

Karibu na dirisha alikwama. Machipukizi matatu yalikuwa yamepandana kama msuko wa nywele, na alipolivuta moja, mengine mawili yalisogea. Alijaribu tena. Jua lilikuwa limefika kwenye kingo ya dirisha.

“Muda,” akasema Vinko.

“Shika hapa chini! Shika lile la kulia, ulitikise!”

“Lipi la kulia?”

“Hilo! Litikise kidogo tu, si trekta hilo!”

Na Vinko Žolnir, aliyekuja kukata, aliweka mundu chini, akapiga magoti kwenye tope, akalishika shina moja na kulitikisa. Juu, katika vidole vya Zofka, chipukizi moja likajibu.

“Dume! Nimelipata! Lile lingine!”

Akatikisa lingine. “Huyu?”

“Huyu jike, mwache! Mwache, Vinko, mwache!”

“Nimemwacha, usinipigie kelele!”

Lakini mwenyewe alikuwa akipiga kelele, na uso wake ulikuwa umechanua. Dume la mwisho lilitoka likiwa zima, refu kama nyoka, na Ferdo akalipiga maji hata baada ya Darinka kulifungia guniani. Jike lililobaki lilikuwa limelegea, limepoteza matawi kadha wa kadha, likining'inia kama mlevi anayerudishwa nyumbani. Walilizungushia kamba upya, upande unaofuata jua, wakalifunga kwa vipande vya soksi.

Vinko aliosha mikono. Alipozungumza tena alikuwa amerudia sauti yake ya kawaida. “Sijasema limekwisha. Viwili vitatu vilikuwa vimepasuka kabla hatujaja. Mavuno yakifika nitafungua koni za safu ya kwanza. Nikikuta mbegu, unang'oa lote, na jike lako.”

“Ni haki,” akasema Zofka.

Wiki zote zilizofuata, kila chipukizi dume lililoinua kichwa kutoka ardhini lilikatwa siku hiyo hiyo, mara na Zofka, mara na Vinko mwenyewe, aliyekuwa akivuka ua bila kubisha hodi. Jike lilipata nguvu. Koni zikatunga, ndogo na nyingi, na Zofka hakuzigusa, kwa kuwa hazikuwa zake bado.

Golding ya Vinko iliiva mwishoni mwa Agosti. Jioni ya siku ya kwanza ya mavuno aliingia jikoni kwa Zofka na ndoo iliyojaa koni za safu iliyo karibu na ua, akaimimina mezani. Hakuketi. Alichukua koni, akaipasua kwa ukucha kutoka juu hadi chini, akaitazama, akaiweka kando. Akachukua nyingine. Darinka na Ferdo walisimama mlangoni. Zofka alikuwa ameshika ukingo wa meza.

Kilima cha koni zilizopasuliwa kilikua, unga wa manjano ukatanda mezani, na chumba kikanukia. Kisha Vinko akasita. Kwenye ukucha wake palikuwa na mbegu moja, nyeusi, ndogo kama ya mchicha.

Akaendelea. Akapasua mpaka ndoo ikaisha.

“Moja,” akasema.

“Mwaka jana tulikuta tatu,” akasema Darinka kutoka mlangoni, “na ukuta wa Zofka ulikuwa hauna kitu cha mtoni. Waeleze, Vinko. Au nieleze mimi?”

Vinko aliitazama mbegu. Kisha akaitia mdomoni, akaitafuna, akakunja uso.

“Sijaona mbegu,” akasema.

Zofka alimrukia shingoni, na ndoo ikaanguka, na Ferdo akaanza kuhesabu kwa sauti ni nani katika kikosi anayepaswa kununua mapipa, jambo ambalo hadi leo halijapata ufumbuzi, maana dume lilikuwapo na jike likawapo.

Katikati ya Septemba walichuma koni za kamba ya tatu wote wanne, wakajaza kapu moja, wakazikausha darini. Maji ya kimea cha shayiri yalichemka katika sufuria la soseji uani. Aurora iliingia mwanzo kwa ajili ya uchungu, Golding baadaye. Zile za mtoni Zofka aliziweka hadi moto ulipokwisha kuondolewa, ili mvuke usiibe manukato yake. Vinko aliomba kuzitia yeye. Alishika kapu juu ya sufuria, akatia konzi moja, akasita, kwa mazoea ya mtu ambaye maisha yake yote ameziuza tu hopsi.

“Zote?”

“Zote, jirani.”

Aliligeuza kapu. Mvuke ulipanda, wa kijani, wa chungwa, mkali, na vichwa vinne vikainama juu ya sufuria kwa pamoja, vikigongana, kila mmoja akimsukuma mwenzake apate pumzi ya kwanza.